Toyota IST ya cc 1,500 kwenye milima ya Mbeya: uzoefu wangu

Siku ya kukabidhiwa gari ina furaha yake, na sioni sababu ya mtu kuificha. Umesubiri meli, umelipa kodi, umefuatilia namba, sasa ufunguo uko mkononi na gari linang'aa. Furaha hiyo hiyo ndiyo inayowapeleka wengi moja kwa moja kwa muuza rimu na redio, wakati gari lenyewe linatakiwa kupanda mlima wa Kitonga kesho yake likiwa na oili isiyojulikana umri. Haya ni maoni yangu juu ya Toyota IST toleo la kwanza, lile la 2002 hadi 2007, injini ya cc 1,496, ninalolitumia Mbeya mjini, Tukuyu, Chunya na Iringa. Nalipenda gari hili na nampendekezea mtu wa nyanda za juu kusini, kwa sharti moja: pesa ya kwanza iende kwenye breki, rejeta na mafuta ya giaboksi.

Tuanze na kuchagua. Namba ya chasisi ndiyo inayosema ukweli, si maelezo ya tangazo. NCP60 ni injini ya cc 1,300 (2NZ-FE). NCP61 ni cc 1,500 (1NZ-FE) inayovuta kwa matairi ya mbele. NCP65 ni cc 1,500 pia, ila inavuta kwa matairi yote manne. Kwenye ushuru wa bidhaa zote tatu zinaangukia kundi moja, la cc 1,001 hadi 2,000, kwa hiyo kuchukua injini ndogo hakukupunguzii asilimia ya ushuru huo. Kinachouma kwa toleo hili ni umri: yote yameshapita miaka 10, na uchakavu unalipiwa. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, 1,300 inatosha kabisa. Kwa Mbeya sikushauri. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) inapoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Injini ya 1,300 yenye nguvu farasi 87 kwenye karatasi inabaki na kama 74. Pakia watu watano na mizigo, panda kutoka Uyole kwenda Isyonje, na utakanyaga mafuta mpaka chini huku malori yakikusukuma nyuma. Ile ya 1,500, farasi 109 kwenye karatasi, inabaki na kama 93, na hapo gari linapanda bila kulia. Fundi akikwambia injini irekebishwe hewa kwa ajili ya milima, mwache. Injini hii ina sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inapunguza petroli yenyewe. Unachotakiwa kufanya ni kuhakikisha sensa hiyo na chujio la hewa ni safi.

NCP65 ina mvuto wake kwenye tope la Makete, lakini iangalie uvungu kwanza. Nyingi zimetoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, na chumvi inakula chuma. Lala chini na tochi: tazama maungio ya uvungu, mabomba ya breki, na pale shokapu za nyuma zinapofungwa. Kutu ya kupangusika kwa kidole haina neno. Kutu inayobanduka kama ganda la mti ni ya kuachana nayo. Magari hayo pia mara nyingi huja na matairi ya theluji, laini, yenye mikato mingi midogo. Kwenye lami yetu yanaisha haraka na kwenye mvua yanateleza. Yabadilishe.

Kuhusu kilometa, usiiamini dashibodi peke yake. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye fremu na ndani ya boneti: Wajapani hubandika stika ndogo kila wanapobadilisha oili. Maandishi huwezi kuyasoma, ila tarakimu unaweza. Utaona kilometa na tarehe. Mwaka ukiandikwa 28 au 30, hiyo ni enzi ya Heisei, jumlisha 1988: 30 ni 2018. Ukiandikwa 3 au 5 ni enzi ya Reiwa, jumlisha 2018: 5 ni 2023. Stika ikisema kilometa 118,000 na dashibodi inasema 82,000, mazungumzo yameishia hapo. Ukinunua lililokwisha kutumika hapa hapa, lenye namba ya usajili ya D kwa mfano, kagua pia kiti cha nyuma na mikanda yake. Gari lililofanya kazi ya teksi bubu nyuma huwa limechoka kuliko mbele, na pedali ya breki imelika upande mmoja. Angalia madeni ya faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi kabla ya kubadilisha umiliki, maana deni linafuata gari.

Sasa wiki ya kwanza. Oili ya injini ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, 5W-30, na boliti ya kumwagia ni spana 14. Wengi wanajaza galoni nzima ya lita 4. Usifanye hivyo. Jaza 3.5, washa injini dakika mbili, zima, subiri dakika tano, pima kwa stiki, ongeza kidogo kidogo. Toa plagi zote nne uzitazame: rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, masizi makavu meusi ni petroli nyingi au chujio limeziba, oili mbichi kwenye ncha maana yake ringi zimeanza kuchoka. Mwanya wa plagi ni milimita 1.1. Injini hii inatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo ukiambiwa ulipie taimingi belti, hiyo belti haipo. Isikilize tu cheni asubuhi ya baridi. Mlio wa kukwaruza unaodumu zaidi ya sekunde chache baada ya kuwasha unaonyesha imelegea, na sababu kubwa ni oili iliyokaa muda mrefu.

Giaboksi hili ni la otomatiki ya gia nne, linatumia mafuta ya T-IV. Chomoa stiki yake usome, mara nyingi aina imeandikwa palepale. Ukifungua boliti ya chini hutoka kama lita 3 tu, nyingine zinabaki ndani. Pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho, tembea wiki mbili, rudia mara mbili. Ndiyo njia salama kwa giaboksi usilojua historia yake. Toleo la pili la IST, la kuanzia 2007, mengi yana CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) na mafuta yake ni tofauti kabisa. Ukilimwagia lenye CVT mafuta ya kawaida umelinunulia kaburi.

Rejeta ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, na kwa milimani ndiyo ya kwanza kukuadhibu. Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Thamostati ya injini hii inafunguka kwenye 82. Nafasi iliyobaki kati ya kufanya kazi vizuri na kuchemsha ni ndogo mno, na kinachoipanua zaidi ni mfuniko wa rejeta, kwa kuwa unashikilia presha na presha inapandisha kiwango cha kuchemka. Mfuniko ukichoka mpira, gari ambalo Dar lilikuwa halina tatizo linaanza kumwaga maji likipanda Kitonga. Ubonyeze springi yake kwa kidole, tazama ule mpira wa duara: ukiwa na mkunjo, ufa au umekuwa mgumu kama plastiki, nunua mwingine wenye tarakimu ileile ya presha iliyochongwa juu. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, ni takriban lita 5. Maji ya bomba matupu yanaleta kutu na chokaa, na kwenye baridi ya Juni na Julai ya Kitulo yanaweza kuganda kabisa. Ukiona maji ya rejeta yana rangi ya chai, suuza mara kadhaa kwa maji safi mpaka yatoke meupe ndipo ujaze kulanti. Kagua na feni: washa AC, feni lazima izunguke.

Nije kwenye miteremko, na hapa nitakaa kidogo. Kutoka Isyonje hadi Kyela unashuka zaidi ya mita 1,500. Kitonga ukielekea Dar nako ni kushuka, mlima mmoja wenye kona kali na malori. Mtu anayeshuka kwenye D huku mguu uko kwenye breki muda wote anapasha moto pedi za mbele na dramu za nyuma mpaka zinanuka. Baada ya hapo pedali inakuwa laini kama sifongo, kisha inakwenda chini. Sababu iko kwenye mafuta ya breki. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini mafuta haya yanafyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, hausukumi pistoni. Gari lililotoka Japani likakaa bandarini, hujui mafuta hayo yana miaka mingapi. Lita moja mpya inatosha kusafisha mfumo mzima, gurudumu kwa gurudumu, mpaka yatoke ya rangi ya asali nyepesi bila mapovu. Rangi ya kahawa haikubaliki.

Pedi za mbele nazibadilisha zikibaki milimita 3, ingawa zinaweza kwenda chini ya hapo. Unene wa mwisho wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo pima kwa kalipa ya kupimia unene. Dramu za nyuma zifunguliwe zipigwe brashi, maana vumbi la barabara za Isanga na Itiji hujaa humo na kupunguza nguvu ya breki na handibreki.

Namna ya kushuka: kabla ya mteremko kuanza, zima O/D (overdrive, yaani gia ya nne) kwa kitufe chake. Kwenye gari lililopakia, shuka kwa 2. Injini inashika gari lenyewe, na kwa kuwa mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli, haichomi hata tone. Usiogope mlio wa mizunguko 3,500 au 4,000, injini hii inaumudu. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo na kwa muda mfupi, achia, zipoe. Kwenye kupanda vilevile zima O/D ukiona gia inaruka kati ya ya tatu na ya nne, maana kuruka huko ndiko kunakochemsha mafuta ya giaboksi.

Miguu ya gari inachakaa kwa matuta ya barabara kuu na makorongo ya mitaani. Cha kwanza kulia huwa linki za stebilaiza: mlio wa ko-ko-ko ukipita polepole kwenye mashimo, unaopotea ukiongeza mwendo. Si ghali na si hatari ya haraka. Mlio wa ta-ta-ta ukikata kona usukani umezungushwa wote ni CV joint, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu, na huo usiupuuze. Kagua mpira wake mweusi kila ukibadilisha oili. Ukipasuka leo, ni kazi ya grisi na mpira, ukiacha mwezi ni kubadilisha kifaa kizima. Nati za gurudumu ni nne, spana 21. Tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3518 ni wiki ya 35 ya 2018. Presha naweka PSI 32 hadi 33 tairi likiwa la baridi asubuhi, na nikipakia naangalia kibandiko cha mlangoni.

Kupakia kuna mpaka wake. Kijapani, abiria mmoja anahesabiwa kilo 55, kwa hiyo gari la watu watano limepangiwa kilo 275. Watu wazima wanne wa kawaida wameshaimaliza. Lumbesa ya viazi kutoka Isyonje inapita kilo 100 peke yake. Ikiwekwa kwenye buti, pua ya gari inainuka, taa zinamulika juu na usukani unakuwa mwepesi. Safari ya lumbesa ni ya dereva na mtu mmoja.

Petroli: barabara kuu kwa mwendo wa 80 napata kilometa 14 hadi 15 kwa lita, mjini kwenye vilima vya Mbeya 10 hadi 11. Viti vya mbele vinanitosha Mbeya hadi Iringa bila mgongo kulalamika, vya nyuma ni vya safari fupi. Redio ya Kijapani inaishia masafa ya 90, vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, na kifaa cha kuongeza masafa kipo madukani. Ukungu wa Uporoto ukifunga kioo, washa AC pamoja na hewa ya moto ielekezwe kioo cha mbele. AC inakausha hewa, kioo kinakuwa safi ndani ya dakika moja.

Ukirudi safari ya kwanza ndefu, liache gari lilale lipoe. Asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili, tazama kiwango cha kulanti kwenye kikopo, mafuta ya breki kwenye chupa yake, kisha piga tochi chini palipolala injini. Weka alama ya kalamu kwenye kikopo cha kulanti. Baada ya siku saba kikiwa palepale, sasa nenda kwa muuza rimu.