Seti ya akriliki ya tyubu 24: je, inatosha kuchora Mto Mirongo ulio safi?

Seti inayopimwa hapa ni ile ya boksi la karatasi, tyubu 24 za rangi ya akriliki (rangi ya maji yenye gundi ya plastiki), mililita 12 kila moja, inayouzwa kwenye steshenari nyingi za katikati ya jiji la Mwanza, rafu moja na madaftari na penseli za rangi. Jina la juu ya boksi hubadilika, kilichomo hakitofautiani sana. Imepimwa pamoja na kanvasi ya sentimita 40 kwa 50 iliyokwisha kuvutwa kwenye fremu na pakiti ya brashi za nailoni, kwa kuwa hivyo vitatu ndivyo mchoraji anayeanza hununua kwa mkupuo mmoja.

Kazi iliyopewa seti ni kuchora Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji hilo na kuingia Ziwa Victoria, jinsi unavyoweza kuwa: kingo zina mafunjo, maji yanaonyesha mawe ya chini, watu wanapita kwenye njia ya miguu kando ya mto, na hakuna taka mpaka maji yanapoingia ziwani. Kazi ya namna hii ina madai yake. Anayechora kilichopo hutazama na kunakili. Anayechora kinachowezekana hana cha kunakili. Anajaribu, anafunika, anabadili, anarudia tena, na rangi yake lazima ivumilie kufunikwa. Kwa kutafuta wazo, seti hii ni nzuri kuliko bei yake. Kwa picha ya kudumu haitoshi, mpaka iongezewe vitu vichache na vingine vitupwe nje.

Tuanze na nyeupe, maana ndiyo inayokwamisha watu mapema kabisa. Kanvasi ya 40 kwa 50 ina mita za mraba 0.2. Tabaka moja la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kiwango cha kawaida kwa brashi, linakula mililita 20. Tyubu ya nyeupe ina 12. Anga, maji na mawe yote yanataka nyeupe, kwa hiyo tyubu inaisha kabla nusu ya picha haijapata tabaka la pili, na hapo mchoraji anaanza kuibana rangi, anaongeza maji, picha inapauka. Nunua tyubu kubwa ya nyeupe tangu siku ya kwanza, ya mililita 75 au 100, na nyuma yake itafutwe alama PW6, yaani titani. Ya kwenye seti ina chokaa nyingi ya kujazia: ukipaka juu ya mstari wa kalamu nyeusi ya maka, mstari unaonekana bado baada ya tabaka mbili, wakati titani yenye nguvu huufifisha kwa moja.

Alama hizo, zinazotaja unga unaoipa tyubu rangi yake, ndizo za kuangaliwa kabla ya jina la rangi. PB29 ni buluu ya ultramarini, PB15 ni buluu kali ya thalo, PY42 na PR101 ni oksaidi za chuma za njano na nyekundu, na hizo zote zinastahimili jua. Boksi nyingi za bei ya chini hazina alama yoyote. Hapo hakuna njia ila kujaribu. Paka vipande vya rangi zote 24 kwenye karatasi ya manila, funika nusu ya kila kipande kwa foili, bandika dirishani panapopiga jua la mchana. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua halikawii kutoa jibu. Zinazotiliwa shaka zaidi katika seti za aina hii ni waridi, zambarau na damu ya mzee. Za udongo, yaani oka na kahawia, hazitikisiki. Rangi iliyofifia dirishani ibaki kuwa ya mazoezi tu, isiingie kwenye picha atakayopewa mtu.

Sasa kutafuta wazo, ambako seti hii inajilipa. Kabla ya kugusa kanvasi, chora kwa penseli visanduku vidogo vya sentimita 6 kwa 7.5, uwiano uleule wa kanvasi, sita au vinane kwenye karatasi moja. Kila kisanduku kijibu swali moja: mto uingie picha kutoka upande gani, daraja liwe wapi, vilima vyenye mawe na nyumba za mtaa wa Mabatini vichukue sehemu gani ya juu. Jaza toni tatu tu: giza, kati, mwanga. Kisanduku kisichosomeka kwa toni tatu hakitaokolewa na rangi ishirini na nne. Njia nyingine inayofaa sana ni kuchapa picha ya mahali penyewe, kuweka juu yake karatasi angavu wanayotumia wachora ramani za nyumba, kisha kuchora mabadiliko peke yake: mstari wa mafunjo, ngazi za mawe, mti. Ukiinua karatasi unaona kilichopo. Ukiirudisha unaona kinachowezekana. Macho yanagundua haraka mabadiliko yapi yanakaa mahali pake na yapi yanaelea.

Hapo ndipo majaribio ya rangi yanafuata, kwenye manila, na mililita 12 za kila rangi zinatosha majaribio mengi. Kuwa na rangi 24 tayari kunaharakisha kufikiri. Mchoraji hasimami kuchanganya kila mara wazo linapomjia. Wanaodharau seti za steshenari husahau jambo hili. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli kwenye hadibodi, na rangi hiyo isiyochanganyika kwa urahisi ikiwa mbichi inaendana na maumbo bapa yenye mpaka mkali. Kifaa cha bei nafuu kina lugha yake, ila lazima mtu aijue kabla ya kukidai kisichoweza.

Udhaifu mkubwa wa akriliki Mwanza ni kukauka. Upepo wa ziwani wa alasiri, pamoja na joto, unakausha tone kwenye paleti ndani ya dakika chache, na tone likishakauka halilainiki tena kwa maji. Dawa yake haina gharama: kontena la plastiki lenye mfuniko, tishu tabaka tatu zilizoloweshwa na kubinywa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi ikikaa juu ya karatasi hiyo inabaki mbichi mpaka kesho yake na zaidi. Tishu zikianza kunuka, tupa, usiongeze maji juu yake. Wapo wanaotia glisirini ya duka la dawa ili kuchelewesha. Isizidi sehemu moja kwa ishirini za rangi, maana ikizidi tabaka linabaki linanata, na wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa jioni wataganda humo.

Kumbuka pia kwamba akriliki ikikauka inakoza kidogo, kwa kuwa gundi yake ina weupe ikiwa mbichi na inakuwa angavu ikikauka. Kwenye seti hii tofauti inaonekana zaidi kwenye buluu na kahawia. Changanya rangi ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, paka kipande pembeni, kikaushe, ndipo uamue.

Rangi ya kijani cha majani iliyomo kwenye boksi haifai mafunjo. Ni kali, na ikikaa kwenye ukingo mzima wa mto inafanya picha ionekane kama bango la tangazo. Kijani cha mafunjo kinapatikana kwa oka na buluu ya thalo kidogo sana, tone moja la buluu kwa oka kumi, kisha njano ya limau kwenye ncha zinazopigwa na jua. Maji ya karibu na ufukwe nayo si buluu. Mwani huyapa ukijani, kwa hiyo anza na mchanganyiko huohuo na nyeupe, ndipo samawati ya anga iingie juu kwa mapigo ya ulalo. Mawe ya Mwanza ni granaiti: kivuli chake ni ultramarini na kahawia iliyochomwa kwa kiasi sawa, na upande wa jua ni nyeupe, oka na nyekundu ya oksaidi kwa kugusa tu. Nyeusi ya tyubu iache. Inaua kivuli.

Picha nyingi za matumaini huharibikia hapahapa. Mtu akitaka kuonyesha mambo mema humwaga njano na kijani kila pembe, na picha inakosa pa kupumzikia, halafu haiaminiki. Rangi kali inang'aa ikizungukwa na rangi zilizotulia. Theluthi mbili za picha hii zibaki kwenye kijivu cha mawe, udongo na mabati. Nguvu yote ya rangi iwekwe pale penye badiliko, kwenye maji na ukingo. Na badiliko lenyewe liwe kitu ambacho mtu wa Mirongo anaweza kukinyooshea kidole na kusema hiki kinafanyika: hapa pamepandwa, hapa pamezolewa taka, hawa ndio wanaofanya kazi. Mchoraji Mtanzania Sam Ntiro aliwachora watu wakifanya kazi kwa pamoja, na matumaini ya picha za namna hiyo yanabebwa na mikono ya watu zaidi ya anga. Mchoro wa mto safi usio na mtu hauelezi mto ulisafishwa na nani.

Jua la Mwanza la saa sita mchana liko karibu utosini, vivuli vinajificha chini ya vitu na vilima vinakuwa bapa. Chunguza mahali kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa wa ubavuni. Kila jiwe litakuwa na pande mbili.

Kanvasi ya dukani ikaguliwe kabla ya kulipa. Pima kwa uzi kutoka kona hadi kona ya mshazari: kwa 40 kwa 50, vipimo vyote viwili vije sentimita 64. Vikitofautiana, fremu imepinda na picha haitakaa sawa ukutani. Ilaze sakafuni; kona ikinyanyuka, iache. Dondosha tone la maji upande wa mbele. Likibaki juu, praima, yaani tabaka la msingi, inatosha. Likinyonywa mara moja, rangi yako nayo itanyonywa na kupauka. Nyingi za bei ya chini hunyonya. Paka jeso, rangi nyeupe ya msingi, tabaka mbili, ya pili ikikatiza mapigo ya kwanza, piga msasa namba 220 kati yake. Kwa mazoezi, rangi ya maji ya ukutani nyeupe, sehemu nne kwa moja ya maji, inafanya kazi hiyo. Rangi ya mafuta kamwe isitangulie chini ya akriliki, itabanduka vipande. Wakati wa masika kanvasi ikilegea, nyunyiza maji kidogo nyuma, acha ikauke, gonga kabari za konani kama zipo.

Brashi za nailoni za pakiti: bapa kubwa na duara ndogo zinafaa, zingine hupoteza ncha mapema. Usiziache zimesimama kwenye kikombe cha maji. Gundi ndani ya bati huloa na kichwa kinacheza. Kwa mawe, brashi ya inchi moja ya duka la vifaa vya ujenzi, ikiwa karibu kavu, inatoa ukwaruzo wa granaiti ambao nailoni haiuwezi.

Maji ya kuoshea brashi yana plastiki ndani yake, na mitaro mingi ya jiji inaishia Mirongo na ziwani. Yaache kwenye ndoo mpaka rangi ituame, chuja kwa kitambaa, kausha tope na ulitupe na taka ngumu. Anayechora mto safi huku anamwaga maji machafu mtaroni hajaelewa anachochora.

Picha ikimalizika, iache wiki mbili au tatu ikauke mpaka ndani, kisha vanishi ya akriliki tabaka mbili nyembamba. Bila vanishi, rangi za seti hii zinabaki laini na vumbi la barabarani linazama ndani yake.

Wapo watakaotaka kuipeleka picha hiyo ukutani, pale pale mtoni. Seti iachwe nyumbani. Ukuta wa mita 3 kwa 2 unahitaji mililita 600 kwa tabaka moja, na boksi zima lina 288. Tumia rangi ya maji ya nje na unga wa oksaidi unaowekwa kwenye sakafu za saruji: loweka unga kwanza uwe uji, chuja kwa kitambaa, na usizidi sehemu moja kwa kumi za uzito wa rangi, la sivyo ukuta utaacha unga mkononi. Kwa buluu na kijani nunua rangi ya kuchanganyia ya majimaji kutoka duka hilohilo. Plasta mpya isubiri siku 28, isuguliwe chumvi nyeupe inayotokea juu, ndipo praima ianze.