Fulana ya ndani ya kupandia mlima: ipi ununue na ipi uiache nyumbani

Nianze na kosa langu mwenyewe. Safari ya kwanza kulala mlimani nilikuwa na jaketi la maana, buti zimekaa poa, afu ndani nimepiga tisheti ya pamba ile ile ninayolalia nyumbani. Kupanda hamna shida, najiona simba. Tukasimama kidogo kunywa maji, upepo ukapita, mgongo ukawa kama nimebandikwa sahani ya bati iliyotoka kwenye friji, na jaketi na ubora wake wote halikusaidia kitu maana maji yalikuwa ndani sio nje. Tangu hapo mtu akiniuliza anunue nini kwanza namwambia anza na kinachogusa ngozi, jaketi unaweza hata kuazima.

Kwa hiyo dukani usiulize hii inatia joto kiasi gani. Jiulize nikishatoka jasho afu nikasimama, itanifanya nini? Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, ndo maana fulana mbichi mgongoni inakufyonza joto hata kama hali ya hewa sio baridi ya kutisha.

Namba moja kwangu ni sufu ya merino, yaani ya kondoo wa aina ya merino wenye manyoya laini, iliyochanganywa na naironi kidogo. Najua ukisikia sufu unakumbuka lile sweta la shule lililokuwa linawasha shingo, hii sio ile. Nyuzi za merino ya nguo za ndani mara nyingi zina unene wa maikroni 17 hadi 19 hivi (maikroni elfu moja ndo milimita moja), nyembamba sana kuliko nywele ya kichwani, zikigusa ngozi zinapinda badala ya kuchoma. Inaweza kunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake na bado ukiishika unaona kavu, na ikiwa mbichi bado inakupa joto kidogo. Halafu hainuki bana, yangu nimeshaivaa siku nne mfululizo na wenzangu wakaendelea kukaa karibu na mimi.

Naironi ya nini sasa? Merino tupu ikiwa nyepesi inatoboka. Ya kwangu ya kwanza ilianza na vitundu kama vya sindano pale mkanda wa begi unapokaa kiunoni, mwisho kidole kinapita. Naironi asilimia 10 hadi 20 inasaidia sana kwenye hilo. Ila soma lebo, sufu ikishuka chini ya nusu hapo unanunua poliesta yenye picha ya kondoo.

Uzito ndo watu wengi wanakosea. Utaona gramu kwa mita ya mraba: 150 ni nyepesi, 200 ya kati, 250 kwenda juu ni nzito. Mtu anaogopa baridi anabeba ya 250, anapanda nayo, anachemka, analowa, afu anaganda akisimama. Unayotembea nayo chukua 150, nzito iache ya kulalia au kama shughuli yako ni ya kukaa tu, mfano kuvua samaki alfajiri au kuangalia ndege. Na nyepesi mbili juu ya nyingine zinakupa uhuru wa kuvua moja, ya nzito ukiivua umebaki kifua wazi.

Namba mbili poliesta. Kama unakimbia, unaendesha baiskeli au unapanda na kushuka siku hiyo hiyo, ipandishe iwe namba moja wala sibishani. Nyuzi zake zenyewe karibu hazinywi maji kabisa, jasho linatambaa juu yake linasambaa na kukauka chap, bei iko chini ya sufu na haivunjiki moyo na mashine ya kufulia. Tatizo harufu. Mafuta ya mwili yanang'ang'ania kwenye poliesta, siku ya pili jioni hema zima linajua umerudi. Ukiwa dukani geuza ndani uangalie, zile zenye vijumba vijumba kama daftari la hesabu ni nzuri maana hazigandi mwili mzima ukilowa. Kuna na binamu yake polipropilini, nyepesi na inakauka vizuri sana, lakini inanuka zaidi na joto la mashine ya kukaushia linaiharibu. Na hizi zote za kiwandani zikipata cheche zinayeyuka, sufu haiyeyuki, kumbuka hilo ukiinama kwenye moto wa kambi.

Namba tatu utanicheka, fulana ya wavu. Ndiyo, matundu matupu, Wanorwe wanaivaa miaka mingi tu. Ujanja ni kwamba matundu yanashika hewa na jasho linapita moja kwa moja kwenda nguo ya juu, ngozi inabaki kavu. Lazima uvae kitu juu yake, peke yake haina kazi, na begi zito linakuchora vijumba mabegani. Kwa mtu anayetoka jasho kama bomba mi naona inalipa.

Hariri ni tamu kuilalia na haijazi begi, ila ikilowa inapungua nguvu, kwa hiyo isiwe ya kazi. Ya mianzi jina linavutia, lakini nyingi ni viskosi tu, yaani mianzi imeyeyushwa kwa kemikali ikageuzwa uzi, laini kweli lakini inakunywa maji na kuchelewa kukauka. Pamba mkiani, isipokuwa jua kali na kukavu, hapo kulowa kwake kunakupoza. Na kuwa makini na zile tisheti za "michezo", nyingi nusu yake ni pamba.

Saizi: ibane ngozi bila kukukaba, ikiacha nafasi jasho halina pa kupandia. Nyoosha mikono yote juu, tumbo likionekana ni fupi, tafuta nyingine. Papasa mshono wa begani, ukiwa juu kabisa pale mkanda wa begi unapokaa achana nayo hata kama rangi umeipenda. Mi ni mtu wa zipu shingoni, unaifungua kwenye mwinuko bila kuvua chochote. Taiti ya chini kama unavaa buti ndefu chukua inayoishia juu ya buti, vinginevyo inakunjana na soksi na kukupa lengelenge. Na tafadhali, umenunua merino yote hiyo afu ndani umevaa chupi au sidiria ya pamba, umefanya nini sasa?

Kuvaa: anza safari ukiwa na kibaridi kidogo, ukianza umeshiba joto baada ya muda mfupi umelowa. Fungua zipu kabla jasho halijaanza sio baada. Nyingine kavu ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ya kulalia tu, na asubuhi uirudishe mfukoni uvae ile mbichi ya jana. Dakika tano za mateso, najua, lakini ukiilowesha ya kulalia usiku utanikumbuka.

Kufua maji ya nyuzijoto 30, softena hapana, inaacha utando na poliesta inashindwa kusambaza jasho. Sufu usiitie kwenye mashine ya kukaushia, utaitoa imekuwa saizi ya mtoto, ilaze tu juu ya taulo. Na kabla ya kuitunza miezi mingi ifue kwanza afu uifunge kwenye mfuko usioingiza hewa, maana nondo, wale wadudu sio chuma, wanaipenda zaidi ikiwa na jasho lako.