Saa imenipandisha ungo: ununue nini kupimia kilomita za baiskeli Dodoma

Mbukwenyi wadau. Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Jumamosi tulitoka watu sita, tukapanda na barabara ya Arusha mpaka Veyula, pale tukaingia barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 ambayo sasa hivi kila mwenye baiskeli anajidai ataimaliza yote siku moja, tukashuka nayo mpaka Mtumba afu tukarudi mjini na barabara ya Morogoro. Upepo wa usoni, vumbi, mbigiri zimetupiga pancha mbili, yani kilomita zile tulizilipia. Tumefika mjini tumekaa kwenye juisi ya miwa kila mtu anatoa kifaa chake. Wenzangu watano namba zao zinafanana, tofauti ni vimita mia mia tu. Mimi pungufu kilomita 11. Kumi na moja jamani! Nikafungua ramani, nakuta mstari umenyooka kama umepigwa na rula, umetoka pale karibu na Veyula, umekatiza mashamba ya watu, umepita juu ya kilima, ukatua Ihumwa. Mtumba sikufika kabisa kwa mujibu wa saa. Jamaa mmoja akaangalia akasema, "Kumbe mwenzetu ulipanda ungo." Basi ndo imeisha hiyo, kwenye grupu sasa hivi naitwa Bi Ungo.

Saa yenyewe sitaitaja jina. Nilinunua laki na themanini kwa muuzaji wa Instagram, boksi limeandikwa GPS kwa herufi kubwa kabisa. Nikamwandikia, akanijibu na vimoyo: "Dada hiyo ni mtandao tu wa huko Dodoma." Mtandao! Kaka yangu, GPS haina habari na mnara wa simu wala bando. Kifaa kinasikiliza satelaiti zilizoko juu huko kilomita kama 20,200, kinahesabu muda mawimbi yaliyotumia kufika, kinajua kiko wapi. Intaneti inasaidia tu kishike satelaiti haraka pale mwanzo. Na kama kuna mji hauna kisingizio ni huu wetu. Mbingu iko wazi pande zote, hatuna maghorofa ya kusongamana, hatuna msitu, mibuyu yenyewe imesimama mbalimbali kama imegombana. Simu ya kawaida tu chini ya anga wazi hivi inajua ilipo ndani ya mita kama 5. Sasa kilomita 11 zimeendaje?

Jibu ni kwamba saa yangu haina GPS. Haina. Inaazima ya simu.

Hiki ndicho kitu nataka tukielewe leo, mambo ya rangi ya mkanda na kioo kung'aa mtayasoma kwingine. Kuna saa yenye chipu yake ya GPS ndani, na kuna saa ambayo kazi yake ni kuiuliza simu kwa bluetooth "tuko wapi?" kila baada ya muda. Zote mbili boksi linaandikwa GPS. Ile ya pili wakijisikia kusema ukweli wanaweka "connected GPS" kwa maandishi ya sisimizi kule nyuma. Mimi naiita GPS ya kuazima. Sasa simu yako iko kwenye kibegi nyuma ya siti, kioo kimezima, na simu zetu hizi za Android nyingi zimewekewa tabia ya kuokoa chaji, ikiona programu inafanya kazi kimya kimya bila wewe kuigusa inaiua. Haikwambii. Saa inabaki inahesabu dakika, mapigo ya moyo inasoma, wewe unajua mambo yanaenda. Ukija kuishika simu kupiga picha, programu inaamka, inakuta mara ya mwisho ulikuwa Veyula sasa uko Ihumwa, inachora mstari. Huo ndo ungo wenyewe.

Na msidanganywe na mtu anayekwambia "mbona mi natembea nayo na iko sawa". Ukitembea kwa miguu saa inaweza kukisia umbali kwa hatua, maana mkono unayumba. Kwenye baiskeli mkono umetulia kwenye usukani, ya kukisia hakuna. Ndo maana dada mmoja wa Nkuhungu aliniandikia kwamba saa yake asubuhi kwenye kukimbia ni malaika na jioni kwenye baiskeli ni shetani.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma maboksi. Nimegundua jina moja tu dogo ndo linakuliza. Amazfit Bip U haina GPS yake, Bip U Pro inayo. Bip 3 haina, Bip 3 Pro inayo. Redmi Watch 3 inayo, Redmi Watch 3 Active haina, yani neno Active ambalo ungedhani ndo la wanamichezo kumbe ndo limeondolewa kitu! Xiaomi Smart Band 8 haina, 8 Pro inayo. Sasa mwambie muuzaji wa kule Kariakoo akutofautishie hizo, atakwambia "zote moja dada, hiyo nyingine ni kubwa tu".

Namna ya kupima mwenyewe ni rahisi na haina gharama. Zima bluetooth ya simu, toka nje ya duka na saa mkononi, chagua mazoezi ya baiskeli ya nje, subiri kama dakika mbili. Yenye GPS yake itatafuta satelaiti mpaka ipate. Ya kuazima itakwambia uunganishe simu, au itaanza kuhesabu dakika bila ramani. Shida wauzaji wetu hawakubali, boksi likifunguliwa umenunua. Mimi mwaka huu nimetoka maduka mawili kwa sababu hiyo, moja yule kijana alinifuata mpaka mlangoni ananiambia "mama unaninyima riziki". Mama! Nina miaka 34.

Haya tupange sasa, na nawaambia mapema mimi ni mtu wa vifaa vya kampuni ya Garmin, sijifichi, asiyependa apande ungo.

Namba moja ni Garmin Edge 130 Plus. Hii sio saa, ni kompyuta ndogo ya kufunga kwenye usukani, gramu 33, kioo cha inchi 1.8, ilitoka 2020. Mtu ataniambia ya zamani, mimi namwambia barabara ya Bahi nayo ni ya zamani na bado tunapita. GPS ni yake mwenyewe, inasoma na GLONASS na Galileo, satelaiti za Warusi na za Ulaya, kwa hiyo simu ikifa, ikiibiwa, ikiachwa nyumbani kwa makusudi, yenyewe inaendelea. Inatumia vitufe, haina mambo ya kugusa kioo, na hapo kwetu ni muhimu kuliko mnavyofikiria, maana vidole vina jasho na vumbi jekundu, kioo cha kugusa unakibonyeza kinafungua kingine. Kioo chake juani ndo kinazidi kuonekana. Chaji masaa 12, inatosha kwenda na kurudi na kulalamika. Na ina baromita ya kupimia mwinuko, ambayo nayo ni hadithi, kwa sababu GPS yenyewe kwa urefu wa kwenda juu huwa inakosea zaidi kuliko kwa upande, ndo unakuta mtu kazunguka Area D na Kisasa tambarare kabisa saa inamwambia kapanda mita 400. Baromita inapima mgandamizo wa hewa. Ila ina kitundu, kitundu kikizibwa na jasho na vumbi inaanza kuota ndoto, kwa hiyo suuza na maji ya kawaida ukirudi, usichokonoe na pini kama nilivyofanya.

Edge 540 na kaka zake ni nzuri, zina ramani, lakini ramani ya nini? Dodoma ukipotea unatafuta mlima wa Simba, ukiuona umefika.

Sasa tatizo ni bei, na hapa damu inachemka. Edge 130 Plus ilivyotoka Marekani ilikuwa dola 199.99. Piga hata dola moja kwa 2,600 ni kama laki tano na ishirini. Mimi nimetajiwa laki tisa na nusu, tena iliyotumika, mkwaruzo juu ya kioo kama imekunwa na paka. Nauliza mbona hivo, naambiwa "ushuru dada". Ushuru wa kitu kilichokuja kwenye begi la mtu! Na hiyo ni baada ya kubembeleza kutajiwa, maana hawa watu bei hawaandiki, ni "bei njoo inbox", ukienda inbox anakuuliza uko wapi, ukisema Dodoma bei inapanda, anajua huku ni wizara tupu, anaona kila mtu ana posho ya safari. Afu "zimebaki mbili tu", ziko mbili tangu Pasaka. Afu nauli ya basi juu yako, uende mwenyewe stendi ya Nanenane kuusubiri mzigo, ukifika waranti ni wiki moja, na hiyo wiki inaanza siku alipotuma.

Ushauri wangu kama una ndugu au mfanyakazi mwenzako anasafiri nje, mtumie pesa akuletee. Mimi yangu ililetwa hivo, na mwenye kuleta nilimpa kreti ya zabibu za Hombolo akashukuru kuliko pesa.

Namba mbili iGPSPORT BSC100S, nayo ni kompyuta ya kufunga kwenye usukani. Inaniuma kusema lakini ni nzuri. GPS yake mwenyewe, kioo kikubwa cha inchi 2.6 ambacho hata sisi wa miwani tunaona, chaji wanasema masaa 40. Rafiki yangu anayo, siku ile ya ungo ilifanana na Garmin ya mwenzetu karibu sawasawa. Sijaipenda tu, naiona kama kikokotoo.

Namba tatu ni saa zenye GPS yao, kwa sababu kuna watu wanataka kitu kimoja cha kuvaa kazini na kwenye baiskeli. Hapo chukua Garmin Forerunner 55, ina vitufe vitano na inakaa mpaka masaa 20 na GPS ikiwa imewashwa, haina baromita ila tutafanyaje. Ukishindwa, zile Pro na Redmi Watch 3 nilizotaja juu. Kasoro ya saa ni kwamba kuiangalia unapinda mkono huku lori la mchanga linakupumulia nyuma, na mapigo ya moyo yanayosomwa kwenye kifundo cha mkono kwenye barabara ya makorongo kama ile ya kupandia Ntyuka usiyaamini, mkono unabana usukani, saa inarukaruka, taa ile ya kijani inasoma mtikisiko badala ya damu. Na kalori nazo msahau. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya kuvaa mkononi, kwenye mapigo ya moyo 6 vilifanya vizuri, lakini kwenye kalori kilichokuwa bora kilikosea wastani wa asilimia 27 na kibovu kabisa asilimia 93. Kwa hiyo wewe unayesema "nimechoma 900 ngoja nile chipsi kuku", shauri yako.

Namba nne simu yenyewe na Strava, programu ya kurekodi mazoezi, bure. Inafaa ukiipa ruhusa ya mahali muda wote, ukienda kwenye mipangilio ya betri ukaiondolea vizuizi, na ukasubiri ipate satelaiti kabla hujakanyaga pedeli. Basi.

XOSS G+, nayo kompyuta ya usukani, ni ya bei nafuu, ina GPS yake, kachukueni.

Na ile mita ya waya yenye sumaku kwenye spoku, mnayoicheka, fundi mmoja mzee pale Majengo anazo kwenye kopo la maziwa ya unga. Haina satelaiti wala nini, inahesabu mizunguko ya tairi tu. Ila lazima uiambie tairi lako lina mzunguko gani. Tairi la inchi 26 kwa 2.10 ni milimita 2,068, la 29 kwa 2.1 ni 2,288, ukikosea ukaweka la 29 kwenye baiskeli ya 26 unaongezewa zaidi ya asilimia 10 bure, na ninawajua watu kwenye grupu letu ambao hawataki kusahihisha. Mzee alinipima langu kwa kamba na chaki sakafuni, akachaji buku mbili.

Hizo bendi nyembamba za mkononi sijazipangia namba. Zinahesabu hatua, zinaonyesha meseji, mpe shangazi.

Yangu ile ya laki na themanini nimempa mpwa wangu, anaangalia saa tu. Juzi yule muuzaji kaniandikia tena, "Dada mzigo mpya umeingia, hii ina GPS kweli kweli." Nikamuuliza, yake yenyewe au ya simu? Akasoma. Akakaa kama dakika kumi. Akajibu, "Njoo inbox." Tulikuwa inbox.