Biblia ya zipu, maandishi makubwa: nimeshaona mazuri yake na kero zake

Hii nimemnunulia mama Kariakoo, elfu 45, Union Version ya maandishi makubwa yenye zipu, maana ile yake ya zamani gamba lilishaachia na Mwanzo yote ilikua inatembea na upepo. Maandishi hapa hawajadanganya, mama anasoma usiku kwa taa ya sola bila miwani.

Ila karatasi ni nyepesi mno, biro inapenya hadi ukurasa wa nyuma, na kwa mama hilo ni tatizo kweli. Yeye akiishika ahadi ya Mungu anaandika tarehe pembeni ya mstari, ikitimia anaandika ya pili. Kwenye ile ya zamani pale Mwanzo 21, Isaka anapozaliwa, kuna 2003 alafu 2014, hiyo ya pili ndo siku dada alijifungua baada ya miaka 11 ya ndoa na maneno ya mawifi mnayajua wenyewe. Zaburi 37 kuna 2017 tu, hiyo ni kesi ya kiwanja. Juzi nikamuuliza mama hii ya kiwanja bado tu unangoja, akanambia Ibrahimu kaahidiwa uzao, katoka Harani na miaka 75, kampata Isaka ana 100, na hapo katikati akatafuta njia ya mkato kwa Hajiri, mjakazi wa mkewe, akamzaa Ishmaeli akiwa na 86, sasa we na miaka yako hiyo michache unanisumbua nini. Nikanyamaza aisee.

Zipu ndo usiseme, wiki ya tatu tu ikakwama. Nikairudisha dukani, kijana akanambia njoo Jumatatu bosi tunakubadilishia, Jumatatu zimepita sita, mama anacheka tu eti huyo nae tumwandikie tarehe? Mwisho fundi viatu wa mtaani katubadilishia kichwa cha zipu kwa buku mbili.

Kwa hiyo ukinunua nunua na penseli kabisa. Mama kahamisha tarehe zake zote humo kwa penseli, na pale Zaburi 37 kaandika 2017 kwa kujibana sana pembeni kabisa ili ya pili ipate pa kukaa, nafasi yenyewe haizidi upana wa kidole. Wachapaji waongeze pembeni jamani.