DaVinci Resolve ya bure: nimeipendea grafu zake

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, nyingi za ukumbini usiku: shela jeupe pee, suti nyeusi, na MC kasimama chini ya taa za zambarau. Kwa picha za namna hiyo nimebaki na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure. Kukata na kuunga vipande programu nyingi zinaweza. Hii nimeipendea grafu za rangi.

Kioo cha laptopu kinadanganya. Ongeza mwanga wake kidogo tu, na klipu ya giza itaonekana nzuri, mpaka mteja aiweke kwenye televisheni ya sebuleni na kuuliza shangazi yuko wapi. Grafu inasoma picha yenyewe, haijui kioo chako umekiwekaje.

Wengi huanzia kwenye histogramu. Kushoto ni giza, kulia ni mwanga, na kimo cha mlima ni wingi wa pikseli zenye mwanga huo. Ukiona mlima umebanwa ukutani upande wa kulia, kuna kitu kimeungua kwa mwanga kupita kiasi, na kama kimeunguzwa na kamera yenyewe, nakshi za shela hazirudi. Hata hivyo, katika grafu zote za Resolve hii ndiyo ninayoiangalia kwa nadra. Haisemi mwanga uko upande gani wa picha. Na wale wanaofundisha kwamba mlima lazima ukae katikati, waache. Ukumbi wa usiku uliojaa suti nyeusi utaegemea kushoto, ndivyo ulivyo. Ukiulazimisha katikati unapata kijivu na chenga, zile punje punje za picha ya gizani.

Paredi, hapo sasa! Inaonyesha picha mara tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kushoto kwa grafu ndiko kushoto kwa picha. Kipimo kinaanzia 0 chini mpaka 1023 juu. Unalitafuta shela humo ndani: likimulikwa na taa ya njano, kilele cha nyekundu kiko juu na cha bluu kimelala. Cheza na gurudumu la Gain, la sehemu zenye mwanga, hadi vilele vitatu vilingane, shela linakuwa jeupe. Weusi wa suti unaurekebisha kwa Lift, gurudumu la sehemu za giza.

Kwenye vektaskopu, grafu ya duara inayoonyesha aina ya rangi na ukolezi wake, washa mstari wa ngozi katika mipangilio yake. Ngozi nyeusi tii na ya maji ya kunde huangukia karibu na mstari huohuo. Kinachozitofautisha hasa ni mwanga na ukolezi. Familia mbili za rangi tofauti jukwaa moja? Mstari mmoja unatosha.

Klipu ikiingia imepauka, au giza limemeza kila kitu, usikimbilie magurudumu. Fungua Clip Attributes, dirisha la sifa za klipu, uangalie viwango: kutoka weusi hadi weupe, video ya biti 8 huweza kuwa ya 16 hadi 235 au ya 0 hadi 255, na programu ikisoma moja kama nyingine, picha inaharibika kabla hujaigusa.

Ubaya wake? Ni nzito. Bila kadi ya michoro ya maana, utakunywa chai ukisubiri. Kifaa chake cha kuondoa chenga kipo kwenye Studio tu, toleo la kulipia, dola 295 unazolipa mara moja. Kwa anayerekodi kwenye kumbi zenye mwanga hafifu kila wikendi, hicho tu kinaweza kuhalalisha bei. Mimi kwa sasa naongeza taa juu ya kamera.