Kulala kwenye nyumba ya mawe ya Lamu: uzoefu wangu

Nianze na joto, maana kila niliyemwambia kwamba tumelala Lamu kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi aliniuliza hilo kwanza. Hatukuhangaika. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na jua la saa nane mchana halipenyi hapo kwa urahisi. Feni ya dari ilikuwapo, lakini usiku mama alitaka izimwe na hakuna aliyebisha.

Nyumba iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, ambako majumba ya mawe yamebanana hadi vichochoro vingine vinatosha punda mmoja tu. Jina sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko na mwenyewe si mtu mbaya. Mwangalizi alisema ni ya karne ya 18. Sikuona sababu ya kumpinga: majumba mengi ya mtaa ule ni ya karne hiyo na iliyofuata.

Ukivuka daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe huku na huku, mlango haukuonyeshi kitu. Unakata kona kwanza, ndipo unatokea kiwanda, ule ua wa ndani usio na paa, na hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni watu wa nyumba. Baada ya kiwanda kuna msana wa kwanza, yaani ukumbi wa kukaa, msana wa pili, kisha chumba cha mwisho kiitwacho ndani, kila chumba nyuma ya mwenzake, na mwanga unapungua kadiri unavyosogea. Vyote ni virefu na vyembamba kama behewa la treni. Sababu iko darini: sakafu ya juu imebebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki upana unaozidi mita tatu hivi bila kupinda. Fundi wa zamani alikuwa huru kurefusha chumba, lakini kukipanua hakuweza.

Kitu kizuri kuliko vyote ni ukuta wa zidaka kule ndani. Umejaa vishubaka kwa safu, na nakshi za chokaa zimechongwa kwa mkono. Humo ndimo zilipangwa sahani na bakuli za kigeni, mali ya kuonyesha hadhi ya nyumba. Siku hizi zinakaa chaja za simu, dawa ya mbu na karatasi ya nenosiri la intaneti. Mimi sikukasirika. Nyumba inayotumiwa inapata mtu wa kuifagia na kuziba paa linapovuja.

Mama ndiye aliyeona lililonipita. Amekulia Mji wa Kale Mombasa, na alipoonyeshwa chumba chetu alisimama akamuuliza mwangalizi, "Mwanangu, mwenye nyumba analala wapi?" Kijana akacheka: "Yuko nyumba nyingine, mama. Akija hukaa hapo dakani." Yaani mambo yamegeuzwa. Zamani mgeni mwanamume aliishia daka, au akapewa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na familia. Ndani ilikuwa ya wenyewe, na ya wanawake hasa. Leo mgeni asiyejulikana analipa ili alale palepale alipokuwa haruhusiwi kuchungulia, na hela yake ndiyo inanunua chokaa. Sijui njia nyingine ambayo familia ya kawaida ingemudu kutunza jumba kama lile.

Sasa malalamiko. Kiwandani na bafuni, lipu ya chini imerudiwa kwa saruji. Inaonekana wazi: imevimba, inabanduka vipande, na juu yake kuna unga mweupe wa chumvi. Matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini. Chokaa huuruhusu utoke taratibu, saruji huufungia, na chumvi inapokosa njia huvunja uso wa ukuta. Mji huu unalindwa kisheria tangu 1986 na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo mafundi wanaojua chokaa hawakosekani. Ila chokaa inataka subira, na saruji wageni wanaweza kuingia juma lijalo. Boriti nazo zilipata shida serikali ilipozuia ukataji wa miti mwaka 2018, na chumba kimoja cha juu kimewekwa mbao za msumeno. Hilo nawasamehe. La saruji, hapana.

Birika, lile tangi la maji la kujengwa, limebakizwa, na samaki wadogo wamo wakila viluwiluwi vya mbu kama ilivyokuwa desturi. Kifungua kinywa ni mahamri na mbaazi za nazi, na sina la kusema zaidi. Makelele ni ya punda, usiku wa manane, na hayana dawa.

Kabla ya kulala nyumba kama hii, pitia kwanza ile Nyumba ya Mswahili ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, hapohapo mjini. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kupangwa vyombo vya wakati wake, na ukitoka hapo utajua unachokiangalia kwako.

Ningewapa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ile saruji. Safiri na mzigo mwepesi, kwani kutoka gatini ni kwa miguu. Ukienda msimu wa kusi, omba chumba cha juu kinachotazama kusini upate upepo. Ukiwa na mzee, usikiombe: ngazi zina mwinuko mkali na hazina pa kushika. Chumba cha mama tulikilipia huko juu. Alipanda mara moja, akashuka, akatandikiwa kitanda msanani, na tofauti ya bei hatukurudishiwa.