Watalii wakikatika: bustani ya chakula au zao la kuuza?

Mwaka 2020 safari za watalii wa kimataifa zilipungua duniani kwa zaidi ya asilimia 70, na vijiji vingi vilivyoishi kwa wageni vikarudi kulima. Kisiwani Nusa Lembongan, Indonesia, watu waliokuwa wakihudumia watalii walirudia mwani: vipande vinafungwa kimoja kimoja kwenye kamba baharini, na baada ya wiki sita hivi vinavunwa na kuanikwa.

Mwani unaleta pesa taslimu, na mkopo wa nyumba ya wageni haulipwi kwa mchicha. Lakini bei inapangwa na wanunuzi wa mbali. Ikianguka, mzigo mzima uliokauka hauwezi kulisha watoto.

Bustani haileti pesa nyingi, ila mboga za majani unaanza kuchuma baada ya mwezi hivi.

Mimi ningeanza na chakula, hata kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba, kwa sababu mwenye akiba jikoni anaweza kushikilia mavuno yake hadi bei ipande. Wanaonisikitisha ni wale waliokwisha kuuza mashamba yajengwe hoteli. Hao wamebakiwa na bahari tu.